Karakana ya Sebuleni kwa Mjomba

Kila alipotoka shule, Sindano alibadili nguo, akala, kisha akaketi chini ya dirisha kushona vifungo. Jina hilo hakupewa kwa sababu ya ushonaji. Alipewa kwa sababu ya ulimi wake, maana tangu alipojua kusema hakuwahi kumeza neno. Mama alikata vitambaa mezani, Mama Mdogo akashona, na chumba cha mbele kilijaa mno hata paka alihamia kwa jirani.

Siku moja Mama aliingia na habari. "Mwalimu mkuu anataka tushone sare za shule nzima! Lakini shule hainunui kwa mtu asiye na leseni ya biashara. Mwezi ukiisha hatuna, kazi anapewa mwingine."

Mama Mdogo alipiga vigelegele. Kwa kazi hiyo angeacha vibarua vya kufua nguo za watu, vilivyomchubua mikono. Kisha hofu ikaingia. Mtaani ilisemekana kwamba ofisi ya biashara ya mji wao haimpi leseni anayeshonea nyumbani. Nani aliyesema hakujulikana, ila kila mtu alikuwa amesikia.

Kaka yao aliishi mji wa jirani, naye alikuwa na jibu la kila swali hata kabla halijaulizwa. Alikuja mbio.

"Dada zangu, msihangaike. Kule kwangu leseni ni rahisi. Andikeni kwamba karakana iko nyumbani kwangu, mkaguzi aje aone cherehani, basi. Mkishapata karatasi, shoneni mnakotaka."

"Lakini Mjomba, huo si uongo?" Sindano akauliza.

"Wewe shona vifungo," Mama akasema bila kumtazama.

Basi cherehani mbili zikapakiwa kwenye gari la mizigo, zikapangwa sebuleni kwa Mjomba, kati ya kochi na kabati la vyombo. Mjomba akamwaga vipande vya nguo sakafuni ili paonekane pana kazi. Mkewe akavifagia akidhani ni taka. Mjomba akavimwaga tena.

Mkaguzi alikuwa mama mtulivu, viatu vyake vimelika visigino kwa kutembea. Alitazama cherehani, akatazama televisheni.

"Mnashonea hapa?"

"Hapa hapa," Mjomba akadakia.

"Na mwenye biashara ni nani?"

Mama akamwonyesha Mama Mdogo. Mama Mdogo akamwonyesha Mama. Tangu waanze kazi hawakuwahi kuandikiana chochote. Kwao, ndugu wakiandikiana ni kama wameanza kushukiana.

Mkaguzi akamgeukia Sindano. "Mwanangu, wewe ukiwasaidia huwa unakaa wapi?"

Sindano alijua kwamba akisema kweli huenda sare zikawaponyoka, na Mama Mdogo abaki kwenye mabeseni ya watu. Alimtazama Mama, naye Mama akainamisha uso.

"Nyumbani kwetu, chini ya dirisha," Sindano akasema. "Hapa tumekuja leo tu. Samahani."

Mjomba akakohoa. Mama akainua uso, macho yamemlowa. "Mtoto amesema kweli. Tulisikia kwetu hawaruhusu kushonea nyumbani, tukaogopa."

"Mlisikia kwa nani?"

"Mtaani," Mama akasema.

"Yaani mmeuliza dunia nzima isipokuwa ofisi yenyewe!" mkaguzi akasema. "Siwezi kuandika karakana nilipoona sebule. Leseni huombwa pale kazi inapofanyika. Moto ukiwaka, au mteja akiwa na lalamiko, mtatafutwa wapi? Kwenye kochi hili? Na nyinyi wawili, kama kazi ni yenu nyote, sajilini ubia. Andikeni kazi ya kila mmoja na fungu lake. Mkataba huandikwa watu wakiwa wanapendana. Wakishagombana, hakuna anayekubali kushika kalamu."

Kesho yake walikwenda ofisi ya mji wao. Kumbe kushonea nyumbani kuliruhusiwa. Walitakiwa tu kufungua mlango wa nyuma, uliozibwa na majora ya vitambaa, kuweka chombo cha kuzimia moto, na kutopigia majirani kelele usiku. Kuhamisha majora kulikuwa kazi ngumu, lakini mkataba uliwatoa jasho zaidi. Mama na Mama Mdogo walibishana mpaka jioni kuhusu nani atafanya nini mmoja akiugua. Walipotia sahihi, Mama Mdogo alicheka, akakiri kwamba swali hilo lilikuwa likimkosesha usingizi siku nyingi.

Leseni ilitoka mwezi ukiwa ukingoni. Mwalimu mkuu, akihofia kuchelewa, alikuwa ameshampa fundi mwingine kazi ya masweta, kwa zile siku walizozipoteza. Mashati, sketi na kaptula zikawa zao.

Mjomba alipokuja kuwapongeza, alisema, "Mimi tangu mwanzo nilijua ofisi ya hapa haina shida."

"Kaka, njia ya mwongo ni fupi," Mama Mdogo akamjibu. "Yetu iliishia sebuleni kwako."

Wote wakacheka, Mjomba naye. Ila Mama yeye hakucheka. Alimvuta Sindano karibu.

"Nilikuacha useme peke yako jambo lililonipasa mimi mkubwa," alisema. "Shika hili, mwanangu. Usilolijua, kaulize kwa wanaolijua, hata kama unaogopa jibu. Na ukiulizwa, sema kweli. Kwa karatasi ya uongo tungeshtuka kila mtu anapopiga hodi. Sasa apige yeyote, tutamwambia karibu."