Kilichofichwa Chini ya Magodoro

"Usiachie breki! Dada, usiachie!"

Kondakta wa basi alikuwa anapiga kelele dirishani kwangu, mikono kichwani.

Sikuwa na mpango wa kuachia... Mguu ndio ulianza kutetemeka wenyewe.

Jamani, pata picha. Pikapu yetu imekwama katikati ya mlima, pua juu. Nyuma nimefunga tela. Nyuma ya tela, hatua chache tu, basi limejaa abiria, na nyuma ya basi foleni haina mwisho. Kulia mwamba. Kushoto korongo.

Klachi imeungua, moshi mpaka ndani. Gia haishiki. Hendibreki nimeivuta hadi mwisho, gari bado linarudi nyuma kidogo kidogo. Breki za tela? Zile hukamata tela likikusukuma kwenda mbele, siyo likikuvuta kurudi.

Kilichobaki ni mguu wangu wa kulia.

Na mume wangu?

"Ngoja nitafute jiwe la kuzuia tairi," alisema akishuka.

Mara namwona anapanda pikipiki ya mtu... inanipita... inapotelea juu ya mlima!

Sijawahi kuumia vile. Nililia kwa sauti huku nimekanyaga.

"Kaka, ameniacha nife!"

"Huyo tutamjadili baadaye," kondakta akajibu. "Wewe kanyaga!"

Akawageukia abiria wake. "Shukeni wote! Haraka!"

Kwenye kioo nikaona bibi mmoja anahangaika kushuka ngazi za basi na mzigo wake. Nikakanyaga kwa miguu miwili.

Sasa sikia maajabu. Kazi yangu mimi ni mizani! Ile ya barabarani, ya kupimia malori. Madereva wananiita Mama Kilo. Kutwa nawarudisha: "Umezidisha, kapunguze!" Leo nahamia kituo kingine, nimekwama mimi. Mganga hajigangi.

Na hesabu nilipiga! Tela na vyombo vyake nililipima mwenyewe, likawa ndani ya kiwango. Mgongoni mwa pikapu tukakubaliana magodoro na mapazia tu. Maana gari lina kiwango cha kuvuta, na lina kiwango chake cha kubeba, nyie mliokaa ndani mkiwemo, pamoja na uzito ambao tela linakandamiza kwenye ndoano. Halafu kuna kiwango cha jumla ya vyote. Ukijaza mgongoni, cha kuvuta kinapungua. Ile sifa ya "inavuta tani mbili na nusu" muuzaji hakuambii ni ya gari lisilobeba kitu.

Aliyepakia ni mume wangu. "Pumzika mke wangu, nitapanga mwenyewe." Na mimi nikajiona malkia!

"Dada, umepakia nini huku?" Kondakta alikuwa ameinama pembeni. "Springi zimelala kabisa!"

"Magodoro!"

"Magodoro ya chuma?"

Akakata kamba, akafunua turubai, akainua godoro.

"Dada... hivi ni vigae. Maboksi mpaka chini!"

Vigae? Nyumba tunayohamia ni ya kupanga, tena sakafu yake inang'aa. Mwanaume anayemficha mkewe vigae ana nyumba nyingine! Nikamwona mchepuko kabisa, amesimama mlangoni anasubiri sakafu yake, na mimi ndiye dereva wa mzigo!

"Teremsheni!" nikafoka. "Vyote!"

Abiria wakapanga mstari pembeni ya barabara, boksi mkono kwa mkono. Mengine kondakta akayasukumia chini ya tairi. Nikasikia vigae vinasagika... Pikapu ikaanza kuinuka mgongo.

"Sasa achia. Taratibu... taratibu..."

Nikaachia.

Hendibreki ikashika!

Nilipofungua mlango nilianguka chini. Mguu haukunibeba.

Ndipo trekta likatokea kule juu, mume wangu amening'inia pembeni, shati limelowa jasho. Kumbe alikwenda kutafuta wa kutuvuta.

Sikujali. Nikamkunja shati.

"Vigae vya nani? Sema!"

"Vya mama."

"Mama gani?"

"Mama yako."

Nikaliachia shati. Mama yangu yuko kwenye kiti cha magurudumu, na sakafu yake ni ya udongo. Mvua ikinyesha kiti kinazama humo humo chumbani. Nimelilia jambo hilo mwaka mzima. Kwake ni njiani, na mume wangu alitaka kunishtukiza.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaangalia chini.

"Ningekuambia, ungepima."

Kondakta alicheka mpaka akakaa barabarani. Mimi nililia tena.

Wapendwa, nia njema haipunguzi hata kilo moja. Gari halijui hii ni zawadi. Soma kibandiko cha uzito mlangoni mwa gari, jumlisha kila kitu na kila mtu, na kamwe usimfiche dereva anachobeba. Mimi leo ningekuwa korongoni, na bibi wa watu na mzigo wake.

Vigae vilivyopona vilifika baadaye kwa lori. Mama alisikiliza kisa chote, kisha akamwita mkwewe karibu na kiti chake, akamshika mkono.

"Baba, asante. Lakini udongo nilishauzoea. Mtoto ninaye huyu mmoja tu."