Timazi ya Mama na Ekseli Iliyohama

Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, Mama alipigana vita na mlango wa gari. Gari la mwanawe lilikuwa la zamani, imara, na refu kama ghorofa. Magoti ya Mama yalikuwa yamechoka. Kwa miaka thelathini alijenga nyumba za watu. Alibeba matofali, akapanda ngazi, akachuchumaa kwenye misingi. Sasa alitembea kwa mkongojo, na mara mbili kwa wiki alikwenda hospitali kufanyishwa mazoezi ya magoti.

Mwanawe, fundi wa vigae, alikuwa akimnyanyua na kumpakia. Siku moja Mama alikataa.

"Mimi si mfuko wa saruji," alisema. "Siendi tena mpaka nipande mwenyewe."

Wiki tatu hakwenda. Magoti yakazidi kukaza.

Mwana hakukaa bure. Alinunua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari la aina ile, akazifunga mwenyewe uani. Gari likashuka sentimita tano. Akaweka pimamaji yake juu ya bampa. Kiputo cha hewa kilitulia katikati: pande zote zilikuwa sawa.

"Mama, njoo! Kiti chako cha enzi kiko tayari!"

Mama aligeuka, akakaa, akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Hakushikwa na mtu. Akacheka mpaka akafuta machozi.

Furaha hiyo haikufika mbali. Kwenye kona ya kwanza ya kulia, kitu kilikwaruza nyuma. Khrrr! Harufu ya mpira ulioungua ikaingia dirishani. Mwana akasimamisha gari, akashuka, akainama. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa likigusa madigadi.

"Nitalipiga nyundo hilo bati," alisema. "Likikataa, narudisha springi za zamani."

Moyo wa Mama ulishuka kuliko gari. Lakini jambo moja lilimwasha.

"Kwa nini kushoto tu?" aliuliza. "Si umeshusha pande zote mbili?"

"Sawasawa kabisa! Nimepima."

"Umepima kwa kifaa gani?"

"Kwa pimamaji."

"Aa! Hiyo inakuambia juu na chini. Haikuambii kama kitu kimehama ubavuni. Turudi, polepole. Na uniletee timazi yangu."

Timazi ilikuwa kwenye kopo la zamani: kipande cha shaba chenye ncha, kimefungwa uzi. Mwana aliuning'iniza uzi kwenye ukingo wa madigadi, kwanza kushoto, kisha kulia. Kila upande alipima kutoka kwenye uzi hadi kwenye rimu. Kushoto, sentimita moja. Kulia, tatu.

"Ekseli imehama! Chuma chote cha magurudumu ya nyuma kimekwenda kushoto!" alisema Mama. Macho yalimwaka kama ya mtoto aliyefungua saa. "Nani kaisukuma? Niitie Nusu Inchi."

Nusu Inchi alikuwa jirani yao, fundi wa magari. Alipewa jina hilo kwa sababu hakuna kosa dogo alilolisamehe. Alifika akifuta mikono, akalizunguka gari mara mbili.

"Hukukata springi kwa msumeno?"

"Hapana, mzee. Nimenunua za saizi yake."

"Basi una akili nusu. Nusu nyingine tutaitafuta." Akachuchumaa, akaonyesha kwa tochi. "Mama, unaiona fimbo ile ya chuma? Imelala kukingama gari. Upande wa kulia imefungwa kwenye chesisi, fremu ya gari, juu. Upande wa kushoto imefungwa kwenye ekseli, chini. Kazi yake ni kuzuia ekseli isiende pembeni."

"Mbona sasa imekwenda?"

"Nipe mkongojo wako."

Aliuegemeza ukutani, kisha akateremsha ncha ya juu ya mkongojo taratibu kufuata ukuta. Ncha ya chini ikateleza sakafuni, ikaenda mbali na ukuta.

"Ngazi!" Mama alipiga kelele. "Ngazi ikishuka juu, miguu inakimbia chini! Chesisi imeshuka, fimbo imelala, ikaisukuma ekseli kushoto!"

"Shikamoo, mwalimu," alisema Nusu Inchi.

"Marahaba. Dawa yake?"

"Fimbo inayorekebishwa urefu. Tunaifupisha kidogo, ekseli inarudi kulia."

Mwana alirukia hesabu. "Tatu toa moja, mbili. Tunafupisha sentimita mbili!"

"Ukivuta mbili, utakwaruza kulia," alisema Mama. "Ekseli ni moja. Ikirudi sentimita moja, kushoto inapata mbili, kulia inabaki mbili."

Nusu Inchi alimtazama kijana. "Nusu nyingine ya akili yako iko kwa mama yako."

Fimbo mpya ilipopatikana, Nusu Inchi hakumruhusu mtu kuingia chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Aliweka stendi mbili za chuma kwanza. Alikagua pia kama mipira ya breki haikuvutika wala kukunjwa. Walifunga fimbo, wakashusha gari mpaka uzito wote ukakaa juu ya matairi, ndipo wakapima tena.

"Gari likining'inia, ekseli inakaa pengine," alieleza Nusu Inchi. "Kipimo cha kweli ni hiki cha chini."

Walirekebisha, wakapima, wakarekebisha. Uzi ukasema: mbili kushoto, mbili kulia. Nati zikakazwa kabisa gari likiwa chini vilevile.

Ijumaa Mama alipanda mwenyewe. Walipokaribia kona ya kulia, alizima redio.

"Nyamaza, nisikie."

Gari likakata kona. Kimya. Matairi yalivuma tu barabarani.

Hospitalini, alifungua mlango kabla mwanawe hajazunguka. Miguu ikafika chini yenyewe. Alipiga hatua tatu, akasimama nyuma ya gari jeupe lililoegeshwa, akainamisha kichwa kutazama matairi yake.

"Mama, tumechelewa!"

"Subiri," alisema, akiingiza mkono kwenye mkoba ambamo timazi ilikuwa imelala. "Hili nalo limeshushwa. Njoo ushike uzi."