Marehemu Yuko Kazini

"Cibalonza ameingia kazini."

Ujumbe wa mkuu wake, Feruzi, ulikuwa huo tu. Mwili ukamsisimka Salima. Cibalonza, mpelelezi mwenzake, walimzika wiki tatu zilizopita, na udongo wa kwanza aliutupa yeye.

Aliwasha pikipiki yake ya TVS pale Nguba, akashika njia ya ofisini Kadutu. Saa nne asubuhi, jua kali, naye anasikia baridi.

"Papa Feruzi, nani iko ku machine?" aliuliza kwa simu.

"Sijue, niko mbali; telefone inanionyesha tu. Jina ni yake. Mot de passe, neno ya siri, ni yake."

Kompyuta ya siri ilikuwa moja, wapelelezi wanne. Kila mmoja alikuwa na akaunti yake, lakini orodha ya mashahidi ilikaa kwenye kabrasha la pamoja, na kila akaunti iliweza kuisoma. Hata ya maiti! Fundi Mapendo alitaka kuifuta siku ya mazishi. Salima akakataa: vitu vya marehemu haviguswi kabla ya kuondoa matanga. Huo ulikuwa nusu uongo. Alimpenda Cibalonza, na jina lile kwenye skrini ndilo alilobakiwa nalo. Mapenzi ni kikohozi. Mapendo alielewa, akaiacha.

Sasa jina la kwanza katika orodha lilikuwa la Maman Agathe wa Nyangezi, aliyewataja wakubwa wa magendo ya koltani. Wakilipata, hataiona kesho.

Salima alimpigia Mapendo.

"Mufungie Cibalonza ile dossier ya bashahidi. Asisome tena kitu."

"Lakini maman, deuil, matanga yake, haiyaisha."

"Mufungie."

Alikata simu, akaongeza mwendo hadi ofisini.

Teke moja, mlango chini. Bastola ya Makarov mkononi.

Kwa sekunde moja alimwona Cibalonza. Kiti chake, jina lake juu ya skrini, mgongo umeinama vilevile. Moyo ukamruka kwa furaha, na furaha ile inamtia aibu hadi leo.

Mtu akageuka. Jean-Claude, dereva wa ofisi, aliyebeba jeneza akilia kuliko wote.

Flash ya kunakilia majina ilikuwa imechomekwa, bado tupu. Skrini ilimjibu kwamba hana ruhusa.

"Cibalonza aliniambia mot de passe yeye mwenyewe," alisema Jean-Claude. "Alikuwa ananiamini, maman."

"Benye kukutuma beko wapi?"

"Nyawera. Jeep nyeusi."

Salima alimtia pingu, akashika redio.

"Nyawera. Jeep nyeusi. Kamata."

Dakika tisa, redio ikajibu.

"Tuko nabo bote."

Akaketi kwenye kile kiti. Akaichagua akaunti ya Cibalonza, aifute. Mashine ikauliza kama ana hakika. Hakuwa nayo. Akabonyeza ndiyo.

Kwenye skrini yakabaki majina matatu ya wapelelezi.

Kisha akapiga simu Nyangezi.

"Maman Agathe, usiogope tena. Benye kukutafuta tumebakamata. Imeisha."

"Aksanti, mutoto wangu. Na ule Cibalonza mwenye aliandika ushahidi yangu, iko muzuri? Umusalimie sana."

Salima alifumba macho.

"Nitamusalimia, maman."

Askari walipomchukua Jean-Claude, akavaa miwani ya jua, akatoka, akapanda pikipiki, akaanza kushuka kilima cha Kadutu bila haraka.