Kisigino cha Tairi

Jirani yetu Gyalzen aliondoka nyumbani akiwa amevaa mabuti ya marehemu kaka yake. Asubuhi yenyewe haikuwa na neno. Mama yake alikuwa anamenya viazi vya kuchemsha, ng'ombe wameshafunguliwa, jua limegusa theluji ya juu. Gyalzen alikunywa chai ya siagi na chumvi, akakaza kamba za mabuti, akashuka kwenda kwenye uwanja mdogo wa ndege kumpokea mgeni. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya kuongoza wageni tangu msiba, na mama alifurahi kumwona anarudi kazini. Miguuni hakumtazama.

Jina la huyo kaka sitalitaja. Marehemu kwetu haitwi kwa jina, na kwa haya ninayosimulia, mimi ndiyo kabisa sithubutu. Alikuwa mpagazi, na alikufa mwishoni mwa baridi, akiwa amevaa ndala, maana mabuti alikuwa anayatunza. Msafara wa nyumbu wa mizigo ulimkuta kwenye njia nyembamba, akasimama upande wa bonde badala ya upande wa mlima, na nyumbu mmoja akamsukuma kwa mzigo wake. Ni kosa ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiwakanya wageni wasilifanye.

Lama, kasisi wetu wa Kibudha, alikuja kumsomea. Alipomaliza aliwaambia wafiwa maneno ambayo sote pale tuliyasikia.

"Mwenzenu hajui kwamba amekufa. Anarudi hapa, anakaa mahali pake, anaomba chai, anashangaa mbona hamumpi. Siku atakapotembea, akageuka nyuma asione nyayo zake, ndipo atakapojua, na ndipo atakapoondoka. Kwa hiyo vitu vyake vyote vigaweni. Msibakize hata kofia. Na msilie. Machozi yenu, huko aliko, ni mvua ya mawe. Inampiga kichwani."

Wakagawa blanketi, wakagawa kikombe, wakagawa koti. Mabuti hayakuonekana, na kila mtu alidhani mwingine ameyatoa. Gyalzen alikuwa ameyafukia kwenye shimo la viazi nyuma ya nyumba. Tangu siku ya kifo alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliolaliwa. Akiambiwa kula, anakula. Akiambiwa lala, analala. Watu walimsifu kwa kutolia, wakisema huyu kweli kamsikiliza lama. Masikini, hakuwa anajizuia. Hakukuwa na kitu cha kuzuia.

Siku za marehemu kwetu ni arobaini na tisa, na zilikuwa bado hazijatimia alipoyafukua. Alijiambia mabuti yake mwenyewe yanavuja. Uongo mtupu, yalikuwa chini ya kitanda, mazima. Aliyoyavaa yalikuwa na alama mbili. Kisigino cha kulia kililika zamani, na kaka yake akakipigilia kipande cha tairi la lori, hivyo kila alipokanyaga paliachwa michirizi ya tairi. Na ndani ya buti la kushoto, mbele kabisa, kulikuwa na tambara, kwa sababu barafu ilimla marehemu vidole viwili vidogo vya mguu ule. Tambara lilikuwa bado limeshika umbo la vidole visivyokuwepo. Gyalzen aliligusa, hakusikia chochote, akaingiza mguu.

Mgeni alikuwa Halina, mwalimu mstaafu kutoka Poland, mama wa makamo aliyekuja kwetu mara nyingi hata akaijua lugha yetu, ingawa aliisema polepole. Mzigo wake aliubeba Dendi, mpagazi asiyejua kunyamaza.

"Kaka Gyalzen, huyu mama kabeba nini? Au kahama na ukuta wa nyumba yake?"

"Beba tu."

"Nabeba. Lakini nikifa njiani, mwambie mke wangu nilikufa nikiwa mzuri."

Zamani Gyalzen angemrudishia. Sasa alitangulia kushuka, na Dendi akaona kichekesho chake kimeanguka vibaya, akapita mbele na mzigo wake.

Mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Njia ya kushukia mtoni ilikuwa tope jekundu, pande zote miti imechanua. Walipofika kwenye ukuta wa mawe yaliyochongwa sala waliuzunguka kwa kushoto kama inavyopasa. Halina aligeuka kupiga picha, akaishusha kamera.

"Gyalzen, yule mwenzenu wa nyuma, mbona hatembei na sisi?"

"Yupi?"

"Yule. Sasa kaingia kwenye kona. Anatembea ameinama, kama mtu aliyeangusha kitu."

Gyalzen alitazama. Njia ilikuwa tupu, ina nyayo za Dendi, za Halina na zake mwenyewe, michirizi ya tairi kila hatua mbili. Akamwambia labda ni mkulima.

Waliendelea. Mbele kidogo njia ikawa ngazi za mawe makavu. Walipomaliza mawe wakaingia tena kwenye tope, na hapo ndipo alipousikia. Mlio wa ndala. Chapa, chapa, chapa. Hauko mbali. Akasimama, nao ukasimama. Akatembea, nao ukaja. Walipopanda mawe mengine, kimya. Walipokanyaga tope, chapa, chapa. Mtu yule alikuwa anapita pale tu palipokuwa na nyayo.

Halafu kikohozi. Kikavu, kifupi, mara mbili kwa mpigo. Alikuwa amelala chumba kimoja na kikohozi kile tangu utotoni.

Mtu mwingine angekimbia. Gyalzen hakuogopa, na jambo hilo lilimtisha kuliko mlio wenyewe. Vidole tu vilikuwa baridi. Alitembea akitazama mbele, mgeni wake ubavuni, na nyuma yake ndala zikawa zinakaribia kila walipoingia penye tope, mpaka akahisi mtu anakanyaga pale pale anapoinua mguu.

Walifika kwa Mama Yangji jua bado halijazama. Mama Yangji ni mwenye nyumba ya wageni ng'ambo ya daraja, mjane, mkali kwa maneno na mwepesi wa kuongeza chakula. Marehemu hakuwahi kupita bila kunywa kwake. Dendi alikuwa ameshafika, anakunywa bia ya mtama. Mama Yangji alimkaribisha Halina ndani, akageuka kumsalimia Gyalzen, na macho yake yakaangukia uani. Ua wake ni wa udongo. Nyayo zilikuwa zimekuja moja kwa moja mpaka kizingitini.

Akainama. Akaiangalia michirizi ya kisigino kile. Sauti yake ikashuka.

"Mwanangu. Umefanya nini?"

"Yangu yanavuja, mama."

"Usinidanganye mimi. Vua."

"Mama..."

"Vua! Huoni? Kaka yako anaziona nyayo hizi. Kila akigeuka nyuma anaziona, anasema ni zangu, basi mimi mzima. Sasa atajuaje? Nani atamwambia? Siku zikiisha hajaondoka, atabaki njiani kama mbwa asiye na mwenyewe."

Gyalzen akavua. Alitaka kuyatupa motoni, Mama Yangji akamshika mkono. Kiatu hakichomwi kwenye meko ya nyumba hata siku moja. Gyalzen akamgeukia Dendi, ayachukue yeye.

"Kaka, siyataki, hata ukinipa na ng'ombe wawili," Dendi alinong'ona, akirudi nyuma mpaka ukutani. Mzaha ulikuwa umemtoka wote.

Mama Yangji akayaweka juu ya paa la zizi, soli zikitazama mbinguni, yapelekwe kwa lama kesho. Kisha akampa Gyalzen ufagio wa vijiti.

"Zifute. Mpaka langoni. Halafu umwambie. Jina usilitaje."

Akafagia, miguu mitupu, akianzia kizingitini. Kila alipopitisha ufagio, michirizi ya tairi ikapotea. Udongo ulikuwa baridi. Alifika karibu na lango, na nje ya lango njia ilikuwa mawe matupu.

Chapa.

Ilitoka mbele yake. Hatua moja. Hapakuwa na mtu. Alama pekee iliyobaki kati yake na lango ilikuwa ya kisigino cha kulia. Juu ya alama ile hewa ilikohoa, mara mbili.

Akaifuta.

"Kaka," akanong'ona. "Tazama nyuma yako."

Kisha akasikia pumzi ikivutwa. Ndefu. Pumzi ya mtu aliyepewa habari, akawa bado anaitafuta maana yake. Haikutoka tena.

Hapo ganzi ikaisha. Ilimtoka kuanzia miguuni, ikapanda na maumivu yote ya siku zile kwa wakati mmoja. Gyalzen akaangusha ufagio, akalia. Akalia kwa sauti, kama mtoto, mdomo wazi.

"Usilie!" Mama Yangji alipiga kelele kutoka mlangoni. "Gyalzen, usilie! Utampiga!"

Hakuweza kunyamaza. Anga ilikuwa safi, nyekundu upande wa machweo, haina hata wingu la kutosha kufunika kilele. Jiwe la kwanza liligonga bati la zizi. La pili. Kisha yote. Dendi alitoka mbio, akamvuta Gyalzen chini ya upenu, na huko naye akaendelea kulia, na mvua ya mawe ikaendelea kushuka. Aliponyamaza, nayo ikanyamaza.

Ua wote ulikuwa mweupe. Halina alitoka na tochi yake, akamulika huku na huku, akasimama.

"Nani alikuwa amesimama hapa?"

Katikati ya weupe ule kulikuwa na nafasi mbili za udongo mtupu, mkavu. Miguu miwili, sasa isiyo na hata ndala, imeelekea pale chini ya upenu alipokuwa Gyalzen. Hakuna hatua ya kuingia. Hakuna ya kutoka. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu.

Marehemu hakukimbia. Alisimama pale, mvua ya mawe ikimpiga, mpaka mdogo wake alipomaliza kulia.

Mama Yangji bado ana nyumba ile, na mimi nimepita kwake mara kadhaa. Mvua ya mawe ikinyesha hujaza ua wote, isipokuwa pale. Lama amepasomea mara mbili, pako vile vile. Mwaka juzi mama yao naye alifariki, na watu wakamnung'unikia Gyalzen kwamba ana moyo mgumu, maiti ya mama mzazi inachomwa, yeye macho makavu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye. Alikuwa ameuma mkono wake mpaka damu, na macho yake alikuwa ameyaelekeza juu, anaangalia anga.