Jiko la Udongo la Mektilda

Ndugu zangu, kuna ghorofa moja mtaa wa Mchafukoge ambalo kila Jumapili lilinukia ndizi nyama kuanzia ngazi ya chini. Harufu ilitoka kwa Mektilda na mumewe Isidori, muuza vitenge wa jumla Kariakoo. Jiko lao lilikuwa la zamani, kabati zimebanduka rangi, lakini watoto walishiba na majirani hawakupita bila kuonja.

Siku moja Mektilda akaona kwenye simu majiko ya kule jangwani Marekani: kuta za rangi ya udongo, magogo yasiyorandwa darini, vyungu kila kona. Akapagawa. Mafundi wakaingia, na walipotoka jiko lilikuwa picha ileile. Lilipendeza, sikatai. Ila sasa kupika ikawa marufuku, eti mafuta yataruka ukutani na moshi utaharibu magogo. Jiko likabaki la kupigia picha tu. Watoto wakala chipsi mpaka wakazichukia, Isidori akahamia kwa mama ntilie. Familia haikukaa tena meza moja, na mwenye jiko hakuona tatizo. Jamani, tunapofushwa na sifa!

Ndipo mama yake Mektilda, Bibi Severa, akaja kutoka Rombo kuwasalimia. Akapapasa kuta, akatazama magogo, akafungua kabati asikute hata unga. Machozi yakamtoka.

"Mwanangu, mmefilisika hukuniambia?"

"Mama, huu ndio mtindo wa kisasa."

"Jiko kama hili nililivunja mwenyewe ulipozaliwa. Na lile angalau lilikuwa na majivu."

Mektilda akajieleza weee, mama haelewi. Bibi Severa akapiga simu kwa ukoo waliopo mjini kwamba binti yake kafilisika. Jioni sebule ikajaa ndugu waliobeba mchele, maharage na mkungu wa ndizi, na jirani Zulekha akaja na mafuta na pole. Mektilda alitamani ardhi immeze. Lakini wageni hawarudishwi na njaa, akawasha jiko.

Mafuta yakaruka, ukuta ukapata madoa. Isidori alipoingia akakuta watoto wanagombania ukoko. Akakaa, akala mpaka akalamba vidole.

"Mama watoto, na kesho utapika?"

Mektilda akamtazama, na hapo ndipo alipoelewa alichokuwa amewanyima. Akamwongezea ndizi.

FUNZO

Tengenezeni majiko yenu, pakeni rangi mnayotaka. Lakini msiwafukuze wa nyumbani ili kuwafurahisha wa kwenye simu. Wale wakishapenda picha wanapita zao. Wenu ndio wanaolala na njaa.