Mkeka wa Saba

Kila alipoitwa jina lake, mtoto aligeuza uso. Si kumwelekea aliyemwita, bali kuielekea pembe tupu ya sebule, kama anayesubiri mwingine aitike kwanza.

"Anaangalia taa," alisema Kabamba.

"Taa iko huku, papa," mkewe Myriam alimjibu. "Kule hakuna kitu."

Jina hilo, Mwadi, Kabamba alilitafuta kwa jasho. Baba yake alifia Lubumbashi bila kumwachia orodha ya wazee, na kwao binti wa kwanza hapewi jina la kuokota. Hupewa la mtu wa ukoo aliyetangulia. Basi kila Alhamisi, siku yake ya mapumziko, alikwenda katikati ya Brussels kwenye chumba cha nyaraka za kikoloni, akafunua majalada ya sensa hata akaiona kaya ya babu yake, mwaka 1931, kwa wino uliogeuka rangi ya kutu. Watu sita waliandikwa jina, jinsia na umri. Wa saba alikuwa Mwadi, mwanamke. Mahali pa umri palikuwa patupu.

"Bantu wengine wanauliza bakubwa," Myriam alimtania siku ile. "Weye unauliza makaratasi ya bazungu."

"Makaratasi haisahau, maman."

"Wala haicheke."

Hakumwuliza shangazi yake Victorine, aliyeishi mtaa wa Molenbeek, kwa kuwa alitaka kumshangaza siku ya ubatizo. Akalipeleka jina ofisi ya komuni, serikali ya mtaa, likaandikwa.

Desemba ya 1996 ikaingia na baridi yake. Katika fleti yao mtaani Anderlecht, ghorofa ya tisa, pasipo jiko la kuni wala majani ya kuwashia moto, kukaanza kunuka moshi na matete mabichi. Kisha ikaja sauti. Saa tisa alasiri, mwanga ukiwa bado dirishani, Myriam alisikia mkeka ukikunjuliwa sakafuni, polepole, ukikwaruza vigae mpaka mwisho wake, halafu kimya, kimya cha mtu aliyekwisha kuketi. Na tangu alasiri ile mtoto akawa baridi mikononi mwake, daktari asione ugonjwa, mizani ikimpunguza wiki hata wiki, blanketi zikiongezwa juu yake na ubaridi ukizidi chini yake, kana kwamba kulikuwa na mwingine aliyelala naye, akijiotea moto mwili ule mdogo.

Ndipo Victorine akaitwa. Alifika, akanusa ule moshi, akatajiwa jina la mtoto, akakataa kuketi.

"Nani alikupa ile jina?" alinong'ona.

"Nililikuta mu sensa ya babu, tantine."

"Mu sensa!" Akajifunika mdomo. "Bon. Sikiliza. Ile siku karani alihesabu mikeka mu nyumba ya baba yangu: saba. Bantu: sita. Mwenye kuficha muntu alipigwa fimbo. Mukeka ya saba, baba alikuwa anaitandikia muzimu wa nyumba, ulale, usisumbue batoto. Haukukuwa na jina. Donc baba akaogopa, akasema: ni ya Mwadi. Karani akaandika. Toka pale muzimu ukajiona nao ni muntu."

"Na mutoto wangu?" Myriam aliuliza.

"Karani aliita majina, kila muntu akaitika 'niko'. Ule haukuitika, haukukuwa na kinywa." Victorine alimtazama mtoto. "Sasa umekipata."

Kabamba akapiga magoti. "Ufanye kitu, tantine. Nakuomba."

"Nitaita mara tatu. Kama hakuna mwenye kuitika, muzimu utaenda zake. Lakini mwenye kuitika, jina inamushika, na muzimu pamoja nayo. Mufunge vinywa."

Akasali kwanza, kwa muda mrefu. Kisha akaita: "Mwadi." Matete ya mkeka yakalia sakafuni. Akaita mara ya pili, na ule moshi usioonekana ukawajaa kooni, wakakohoa ndani ya viganja vyao. Na kabla ya mara ya tatu mtoto akafumbua macho, akatulia utulivu usio wa mtoto wa miezi miwili, na Victorine alipolitamka jina, midomo ile ambayo haikuwahi kujua ila kunyonya na kulia ikajipanga, taratibu, kwa uangalifu wa mtu mzima anayejiandaa kusema neno alilolisubiri miaka sitini na mitano, ulimi ukapanda, pumzi ikavutwa —

"Niko!" Myriam alipiga kelele.

Midomo ya mtoto ikalegea. Kisha akalia kilio cha njaa, kikali, na joto likamrudia hata mashavu yakamwiva. Kabamba akamnyakua, akicheka na machozi yakimtiririka.

"Unaona, tantine? Amepona!"

Victorine alikuwa akivaa koti lake, macho chini.

"Myriam, umupe maziwa," Kabamba alisema.

Mwanamke hakugeuka.

"Myriam!"

Hakugeuka. Kabamba akalijua jina ambalo lingemgeuza, akaliuma kati ya meno yake. Akamwendea, akamlaza mtoto mapajani pake. Yeye akampokea vizuri, akamfungulia kifua, akamtazama akinyonya kwa upole mkubwa, kama mgeni aliyekabidhiwa mtoto wa watu.

"Mutoto muzuri," akasema. "Mama yake ni nani?"