Patipati ya Kulia

"Umemwambia mwalimu tumejitoa?"

Sundus aliuliza akiwa ameushika mpira wa majaribio kifuani. Hakupaza sauti, na hapo ndipo Shuaib alipoogopa.

"Sundus, nisikilize…"

Akamgeuzia simu. Mwalimu Keziah alikuwa amemwandikia: *Shuaib anasema mmejitoa kwenye mashindano. Ni kweli?*

Wote wawili walikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Miezi minne walikuwa wakiunda roboti ya kuokota mpira na kuutia kapuni, hapo uani kwa bibi yake Sundus, mtaa wa Langoni. Mlango ulikuwa wazi daima, na Bi Umulkheir alikaa kando akisuka ukili, watu wasipate la kusema. Umbo alilichora Sundus, programu aliandika Shuaib. Lakini mara nyingi rola, gurudumu la kuunyanyua mpira, ilishindwa kuushika, ukateleza. Jana uliteleza mara thelathini na moja kati ya arobaini.

"Sikutaka uaibike Mombasa mbele za watu."

"Nani alikutuma unilindie aibu yangu?"

"Nakupenda," alinong'ona. "Ndiyo maana."

Bi Umulkheir akakohoa.

"Ungenipenda ungeniuliza," Sundus alisema, akaelekea mlangoni na kutoweka.

Shuaib akabaki na roboti. Alipoona harudi, akainuka.

"Bibi, naomba ruhusa niende."

"Ndia i hapo, bwana. Lakini kiatu ni kimoya."

Kweli. Pale alipoviacha viatu ilibaki patipati ya kushoto tu.

Sundus akatokea na kisu, na vipande vya soli kiganjani.

"Patipati zangu ngumu kama ubao. Zako laini, zinashika. Tangu jana nawaza nikuombe moja tuvishe rola. Leo sikuomba, nimekata tu." Akamtazama usoni. "Umeona inavyouma mtu akikuamulia?"

Shuaib akapiga magoti, akamshikilia rola, naye Sundus akafunga vile vipande kwa waya mwembamba.

Mota ikavuma. Mpira ukapanda, ukasita kidogo, ukatua kapuni. Wakarudia. Katika mara kumi, ulianguka mara moja tu.

Shuaib akaandika ujumbe, akamwonyesha kabla ya kutuma: *Mwalimu, niliamua peke yangu jambo la watu wawili. Sikumuuliza Sundus. Nimekosa. Kama nafasi bado ipo, tuko tayari.*

"Nitume?"

"Tuma."

Jibu lilikuja upesi: *Sikuwaondoa. Nilikuwa nangoja neno la Sundus.*

Jioni hiyo Shuaib alirudi kwao na kiatu kimoja. Athman mwenye duka akampigia kelele:

"Shuaib! Huko huenda kusoma au kuibiwa?"

"Kufunzwa adabu, Bwana Athman!"

Kwenye mashindano ya Mombasa, wawili hao walishika nafasi ya tatu. Roboti iliangusha mipira miwili mbele ya ukumbi mzima, na Sundus akacheka kuliko wote. Shuaib alimtazama, akaona jinsi alivyokuwa karibu kumnyima kicheko kile.

Juma lililofuata alimwandikia: *Nataka kumtuma ami yangu Muhdhar aje kwenu kukuposa kwa niaba yangu. Sijamwambia mtu. Nakuuliza wewe kwanza.*

Akaiweka simu mbele yake. Adhuhuri ikapita. Baada ya swala ya alasiri, simu ikalia.

*Aje Ijumaa. Nawe nunua patipati nyingine, laini vilevile. Kwa roboti ijayo, nitakuomba kwanza.*